Menyu Tatu na Faili ya Nyambura

Nyinyi mliochukua chumba changu cha ufundi pale Free Area, Nakuru, mliniuliza swali siku ile mlipokuja kuchukua funguo, nami nikawajibu kwa haraka kwa sababu uji wangu ulikuwa unapoa. Mlitaka kujua, kati ya menyu zote za kuendesha programu kutoka kwenye flashi, ipi ni bora. Nikasema, "Yoyote, mradi mjue mnachobonyeza." Mkaitikia kwa vichwa mkidhani nimewapa hekima. Sikuwapa kitu. Nilikuwa nakwepa, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijiona mkora kidogo. Sasa nimestaafu, uji naunywa ukiwa moto, na nina wakati wa kuwajibu inavyostahili.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Kuna programu ambazo hazihitaji kusakinishwa. Unazibeba kwenye flashi, unachomeka kwenye mashine ya mtu, unafanya kazi yako, unachomoa, na mashine inabaki kama ulivyoikuta. Kwa fundi wa kuzunguka hiyo ni baraka, maana nusu ya mashine nilizotengeneza hazikuniruhusu kusakinisha chochote. Kulikuwa na nywila, na mwenye nywila alishahamia Eldoret na hashiki simu. Sasa ukiwa na programu thelathini kwenye flashi moja, unahitaji orodha ya kuzichagua. Hiyo orodha ndiyo menyu. Fundi asiye na menyu ni yule mnayemwona akifungua folda moja baada ya nyingine huku mwenye mashine amesimama nyuma yake akihesabu pumzi.

Nimejaribu menyu nyingi, lakini tatu ndizo nilizoishi nazo. Kila moja ilikuwa kwenye flashi yake, na ili nisizichanganye nilipaka mbili cutex, rangi ya kucha, moja nyekundu na moja kijani. Ya tatu ilikuwa nyeusi tangu dukani, nikaiacha ilivyo.

Ya kijani niliipenda kwa adabu yake. Ukiichomeka, haikurukii usoni. Inakaa kwenye kona ya chini ya skrini, karibu na saa, kama alama ndogo tu. Ukiibonyeza inafunguka kwenda juu, programu zote zikiwa zimepangwa kwa alfabeti. Mwenye mashine anaweza kuendelea na kazi yake bila kujua uko. Shida yake niliijua kwenye zahanati moja ya huko huko Free Area, ambako nilichomeka, nikasubiri, nikatafuta kona nzima bila kuona alama. Nikachomoa na kuchomeka tena. Nikakodoa macho mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Nesi aliyekuwa akiandika kadi pembeni akaniangalia kwa muda, kisha akaniambia, "Madam, hiyo kona ilikufa kitambo. Sisi tulizoea, hata saa tunaangalia ya ukuta." Kweli, robo ya skrini ilikuwa imeoza ikawa nyeusi, na menyu yangu yenye adabu ilikuwa imekaa humo ndani ikinisubiri. Kwa hiyo ya kijani ni nzuri kwa mashine nzuri, na mnajua wenyewe kama mashine nzuri ndizo huletwa kwa fundi.

Ile nyeusi sikuitengeneza mimi. Nilipewa na Mzee Jaswant, aliyenifundisha kazi. Alianza na taipureta wakati baba yangu angali akifanya kazi reli, na kompyuta zilipoingia mjini akahamia huko bila kubadilisha hata meza. Menyu yake aliiandika kwa mkono wake, mstari kwa mstari. Ukiichomeka na kuifungua, unapata skrini nyeusi, maandishi meupe, na namba kuanzia moja hadi tisa. Hakuna picha, hakuna rangi, kipanya hukihitaji. Tisa tu. Ukimwambia umepata programu mpya nzuri, anakuuliza, "Sawa, gani natoka?" Usipomwambia ipi inatoka, hiyo mpya haiingii.

Na Mzee Jaswant alikuwa na desturi yake, ambayo wanafunzi wake wote tuliionea aibu. Namba saba na namba nane kwenye menyu yake zilikuwa zinafuta. Kabla hujazibonyeza, ilikuwa lazima useme kwa sauti, mbele ya mteja, unachotaka kufanya, kwa sentensi nzima. "Nafuta flashi ya Bwana Otieno, iko herufi E, nimeangalia." Wateja walicheka. Mmoja alituuliza kama baada ya hapo tutashika Biblia. Halafu programu yenyewe ingekuuliza kama una hakika, na hukuweza kuandika herufi moja ukapita. Uliandika neno lote, "ndiyo". Nilimwuliza mzee kwa nini asituachie tuandike herufi moja tukamaliza. Akainua kidole chake cha shahada, kilichopinda kwa miaka ya taipureta, akasema, "Herufi moja, kidole naweza peke yake. Neno mzima, kichwa lazima nakuja." Nikaona ni uzee.

Nilipotoka kwake na kufungua chumba changu Free Area, nilichoka na "ndiyo". Zilikuwa siku za virusi vya flashi, mnavyovisikia tu katika hadithi. Mtu anachomeka flashi yake saibani, kwenye duka la intaneti, mara moja, faili zake zote zinajificha, na mahali pake kunabaki alama za ajabu ajabu. Nilikuwa nikiletewa flashi kwa mifuko. Nakala za mteja naziweka kando, naifuta flashi, nazirudisha. Siku nzima natangaza kwa sauti kama karani wa korti. Ndipo nikakutana na ile menyu nyekundu.

Sitaisema vibaya bila kuisifu kwanza. Ilikuwa nzuri kweli. Ilijaza skrini kwa picha kubwa kubwa, ikapanga programu kwa aina ya kazi. Ukiandika herufi mbili inakuletea unachotafuta. Ilikumbuka ulichotumia mwisho. Ukiifunga, inafunga programu zote ilizozifungua na kuiachilia flashi yenyewe, wewe unachomoa tu. Na kubwa zaidi, ilikuruhusu kuongeza vitufe vyako. Nikajitengenezea kimoja, nikakiita Safisha. Ukikibonyeza mara moja, kilikuwa kinafuta herufi E na kujijibu chenyewe kwamba ndiyo, ina hakika. Hakuna swali, hakuna sentensi. Nilikionyesha kwa kila aliyeingia. Nilikuwa na kichwa kikubwa wakati huo.

Kwa nini E? Kwa sababu kompyuta hugawa herufi kwa kila diski, na kwenye mashine yangu pale chumbani flashi ya mteja siku zote ilipewa E. Siku zote. Mimi nikaandika E kama mtu anayeandika jina lake.

Sasa twende Dundori. Kulikuwa na shule moja huko juu, mwalimu wa kompyuta akiitwa Kariuki, mtu mpole anayependa kuvaa sweta mbili. Aliniita Jumanne ya wiki mbaya. Watahiniwa wake ishirini na sita wa kidato cha nne walikuwa wamemaliza kazi zao za mradi. Kwa somo lile, kila mwanafunzi hutengeneza mfumo wake mwenyewe, anaufanyia kazi miezi mingi, na alama zake zinaingia kwenye mtihani wa taifa. Ijumaa kazi zote zilitakiwa ziwe kwenye CD tayari kupelekwa. Lakini flashi za wanafunzi zilikuwa zimejaa virusi, na kila walipozichomeka waliambukiza maabara upya. Kwa hiyo Mwalimu Kariuki alikusanya kazi zote akaziweka kwenye mashine yake, akaniletea flashi zote kwenye sahani ya bati.

"Kila kitu kiko kwangu, Madam," akaniambia. "Hizi wewe osha tu. Usihurumie."

Nilikaa kwenye mashine moja ya maabara, nikachomeka ile nyekundu, nikaanza. Flashi, Safisha, chomoa. Flashi, Safisha, chomoa. Hata ishirini na sita hazikunimalizia chai. Mwalimu akaja na kikombe chake na flashi moja zaidi.

"Na hii yangu, tafadhali. Iko na nyimbo za kwaya pekee. Zikienda, ziende, tutarekodi tena."

Alirudi nayo mezani kwake, kwa hiyo nikahamisha flashi yangu nyekundu nikaichomeka kwenye mashine yake, na flashi yake ya kwaya pembeni. Nikabonyeza Safisha. Menyu ikanionyesha alama ya vema ya kijani, maridadi kabisa. Nikafungua flashi ya kwaya nihakikishe. Nyimbo zote zilikuwa humo. Nikadhani kitufe hakijafanya kazi, na kidole changu kilishaelekea kukibonyeza tena.

Sijui nini kilinizuia. Nikaangalia herufi. Flashi ya kwaya ilikuwa G. Mashine ya mwalimu, tofauti na zile za maabara, ilikuwa na diski iliyogawanywa sehemu mbili, na sehemu ya pili ilikuwa E. Nikaifungua E. Ilikuwa nyeupe.

"Mwalimu," nikasema, "kwa E yako kulikuwa na nini?"

"Si ndio nimekuambia? Ni hizo projects zote."

"Nimezifuta."

Aliweka kikombe dirishani polepole sana. "Zote?"

"Zote."

"Na kwa flashi zao?"

"Si uliniambia nizioshe."

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi, akavuta mikono ya sweta yake ikafunika vidole. Afadhali angenitukana.

Mnajua kwamba kufuta kwa haraka hakuondoi faili zenyewe. Ni kama kung'oa ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu. Kurasa nyingine ziko, ila kompyuta haijui tena zinaanza wapi, na inaziona kuwa nafasi tupu ya kuandikia. Alimradi hakuna kilichoandikwa juu yake, unaweza kuzirudisha. Nilikuwa na programu ya kurudisha kwenye ile ile flashi nyekundu. Nikaiwasha, nikaichagulia mahali pa kuweka itakachopata. Mstari wa kuonyesha kazi inavyokwenda ukaanza kujaa polepole, ukafika karibu nusu, ukasimama. Nikafungua folda niliyochagua. Ilikuwa tupu kabisa. Nikasubiri kidogo, nikaangalia tena. Tupu.

Hapo nikaingiwa na wasiwasi nikataka kuifunga menyu nianze upya. Menyu, kwa uzuri wake, ikajaribu kufunga programu zote na kuiachilia flashi kwa pamoja, na mashine nzima ikaganda. Nikashikilia kitufe cha umeme mpaka ikazima. Kisha nikaiwasha.

Kubonyeza Safisha lilikuwa kosa. Kuizima na kuiwasha ndilo kosa kubwa zaidi. Mashine ikiwaka, inaandika mambo yake mengi yasiyokuhusu, na baadhi iliyaandika kwenye E ile ile, kwenye nafasi iliyoiona tupu.

Nikampigia Mzee Jaswant. Nilimweleza yote, hata kile kitufe.

"Baada ya kufuta, nini umegusa?" akaniuliza.

"Nimeizima nikaiwasha."

"Toa nyekundu," akasema. "Weka nyeusi. Jeska, soma kwa sauti."

Nikaitoa nyekundu nikaitupa mfukoni. Nikachomeka nyeusi, ambayo bado niliibeba kwenye mkoba. Mle maabarani, Mwalimu Kariuki akisikia, na wanafunzi kadhaa walioitwa na uvumi wakiwa wamesimama mlangoni, nikasoma: "Namba tano. Natafuta faili zilizofutwa, ziko herufi E, naziweka kwenye flashi nyeusi, iko herufi F, nimeangalia." Hakuna aliyecheka.

Zilianza kurudi. Lakini zilirudi bila majina, zikiwa namba tupu, kwa hiyo tuliwaita wanafunzi wote wakae maabarani, tukawa tunafungua moja moja ili kila mtu atambue yake. Ilikuwa kama kugawa watoto waliochanganyika sokoni. "Hiyo ni ya library, ni yangu!" "Hiyo ya timu za mpira, ni ya Mwangi!" Kila aliyetambua yake alikwenda kukaa chini, na mwisho walibaki wamekaa ishirini na watano, na msichana mmoja amesimama, daftari amelikumbatia kifuani.

"Madam, yangu bado," akasema. Huyo ndiye Nyambura.

Ilibaki faili moja. Haikufunguka. Nilijaribu kila nilichojua, mashine ilikuwa imeandika katikati yake. Nikageuka nikamwambia, "Yako imeharibika. Ni mimi nimeiharibu."

Hakulia pale. Akauliza, "Na picha?"

Mradi wake ulikuwa mfumo wa kuweka rekodi za chanjo za ng'ombe. Lakini hakutunga ng'ombe wa uongo kama ambavyo wengine wangefanya. Alizunguka kwa majirani wote wa upande wao na kamera ya shule, akampiga picha kila ng'ombe pamoja na aliyemshika kamba, akaandika jina la ng'ombe, umri na chanjo. Mwalimu Kariuki akatikisa kichwa. Kamera ilitumika siku ya michezo, na picha za zamani ziliondolewa kupata nafasi.

Zilibaki siku mbili. Kwa mujibu wa taratibu za mtihani, kazi lazima iwe ya mwanafunzi mwenyewe, kwa hiyo sikuruhusiwa hata kumgusia kibodi. Jumatano na Alhamisi nilipanda Dundori asubuhi, nikakaa kando yake nikiwa nimekalia mikono yangu, ili nisisahau. Alianza upya kutoka kwenye daftari lake. Majina ya ng'ombe yalikuwa humo, tarehe zilikuwa humo. Picha hazikuwepo. Penye picha kulibaki kisanduku cheupe.

Alhamisi mchana babu yake alikuja shuleni, gumbuti za mvua miguuni, kutaka kujua ni nini kilichomfanya msichana wake akatae kula. Ndiye aliyekuwa akimlea. Nilimwomba msamaha nikiwa nimesimama, kama mtoto. Akaniangalia, akamwangalia Nyambura anavyochapa, akaniambia, "Lakini ng'ombe si bado wapo? Wewe kuja tu na kamera yako, uwapige picha tena."

Nikamwahidi nitakuja. Nilimaanisha.

CD ishirini na sita zikaondoka Ijumaa. Nyambura alipita lile somo, si kama alivyotarajiwa, lakini alipita. Mimi nilitupa ile nyekundu kwenye mkebe wa majani chai wenye takataka za kazi, sikutaka kuiona. Nilirudi kwenye menyu nyeusi, kwenye "ndiyo" na kwenye kusema kwa sauti, na hivyo ndivyo mlivyonikuta. Mlidhani ni uzee.

Na Dundori na kamera sikwenda. Kulikuwa na kazi wiki hiyo, na iliyofuata, halafu mvua, halafu barabara, halafu nikawa naona haya kwa kuchelewa. Mambo ya kawaida. Miaka ikapita, nikasikia kwa Mwalimu Kariuki kwamba yule mzee amefariki. Nikatuma rambirambi kwa simu. Hilo ndilo nililolifanya, rambirambi kwa simu.

Sasa ndio tunafika kwenye kile nilichowakwepa. Nilipokuwa nahama chumba, nilimwaga ule mkebe wa takataka za kazi nione flashi gani bado nzima niwaachie. Ile nyekundu ilikuwa humo, cutex imebanduka. Nikaichomeka kwenye mashine yangu, safari hii bila kufungua menyu yake, nikaruhusu folda zilizofichwa zionekane. Ndani ya tumbo la menyu, kwenye folda ambayo menyu ilijitengenezea yenyewe bila kuniuliza, kulikuwa na folda nyingine yenye tarehe ya Jumanne ile. Faili kumi na moja.

Menyu ile ilikuwa na tabia ambayo sikuwahi kuisoma. Programu zote ilizozifungua ilizilazimisha kuhifadhi ndani yake, hata ukichagua mahali pengine. Kwa hiyo ule mstari haukuwa umesimama bure. Ilikuwa imeshapata kumi na moja na kuziweka salama, mimi nikiwa natazama folda tupu. Kumi nilizijua. Ya kumi na moja ikafunguka, ikajaa ng'ombe.

Wote walikuwapo, na majina yao: Beauty, Njano, Daktari, Wa Shosho. Kila mmoja na picha yake, na mtu ameshika kamba. Aliyemshika Beauty alikuwa yule mzee, gumbuti zile zile, kofia imeenda upande, anacheka mpaka macho yamepotea. Kama ningesubiri kidogo Jumanne ile, au ningefungua flashi iliyokuwa mfukoni mwangu, yule msichana angeipata kazi yake kabla ya kengele ya mchana. Alikaa siku mbili akichapa visanduku vyeupe na kazi yake iko kwenye koti langu, nami nimekaa kando yake.

Sitawadanganya, nilifikiria kuifuta. Hakuna aliyejua. Nilikaa na wazo hilo siku tatu, na nilijichukia zote tatu.

Basi jibu lenu ndilo hili, na si refu. Chukueni menyu yoyote mnayoipenda, yenye picha au isiyo nazo. Lakini kabla hamjaipeleka kwa mteja, ihifadhishe kitu, kisha uende ukakitafute kwa macho yako mwenyewe mpaka ukione kilipo. Usiiandikie herufi ya diski uliyoikariri kichwani, iache itafute yenyewe ilipochomekwa. Na swali lolote linalokuchosha, liache hapo hapo likuchoshe. Zaidi ya hapo ni rangi tu.

Siku ya nne nikampigia Nyambura. Anafanya kazi Olkaria siku hizi, kwenye mitambo ya mvuke, na nyuma ya sauti yake nilisikia ngurumo isiyokoma.

"Ni Madam Jeska, wa kompyuta, wa Nakuru."

"Ai, Madam! Uko poa? Miaka mingapi!"

"Nyambura, faili yako nimeipata. Ile ya ng'ombe. Ilikuwa kwangu tangu siku ile, na sikujua."

Ngurumo ikaendelea. "Ile ya kwanza?" akauliza. "Na picha?"

"Na picha."

"Beauty yuko?"

"Yuko. Babu yako ndiye amemshika kamba."

Nikasikia akitembea, mlango ukafungwa, ngurumo ikapungua. "Madam," akasema, "kwa mazishi ya babu, guka wangu, tulitumia picha ya kitambulisho. Tulitafuta ingine, hatukupata."

"Hapa anacheka," nikamwambia.

Alipumua kwa nguvu. Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu wa kazi. "Usiguse kitu. Usikopi, usitume, usifanye nini. Niko off Jumamosi. Nakuja."

Sikugusa. Jumamosi alikuja na laptop yake mwenyewe, akakataa chai. Nikamkabidhi ile flashi, nikakaa kiti cha pembeni. Hakuniuliza lolote kuhusu ile Jumanne, nami nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Akaichomeka, akafungua folda, akakuta faili yake. Kidole chake kikasimama juu ya kibodi. Kisha akaongea, kwa sauti, taratibu, bila kuniangalia.

"Nanakili faili ya Nyambura, kutoka flashi nyekundu, iko herufi E, naiweka kwa mashine yangu, iko herufi C. Nimeangalia."

Alikuwa mmoja wa wale waliosimama mlangoni siku ile. Akabonyeza, mstari ukajaa, akaifungua, na babu yake akatokea kwenye kioo akicheka. Nyambura akaweka kiganja mdomoni. Mimi nilikuwa bado nimekalia mikono yangu.